Mwanaume Aliyekoroma Ndani ya Simu

Karakanani tunakofanya kazi pamoja, mjomba wangu aliitwa Sikio, na jina hilo alilipata kwa haki. Ungeweza kumfunga macho kwa kitambaa, ukamgeuzia ukutani, ukawasha msumeno wa meza, naye angekuambia kama ubao unaopasuliwa ni mvule au msonobari, kama umekauka au bado una maji, na kama mbele kuna fundo. Mara nyingi fundo alilisikia yeye kabla mpasuaji hajaliona. "Punguza," alikuwa akisema bila kugeuka, na mpasuaji akapunguza, na meno ya msumeno yakasalimika.

Mafundi wengine huitambua mbao kwa kuinusa. Yeye hakuweza. Pua yake iliziba tangu mabinti zake mapacha wakitambaa, nao sasa wako kidato cha tatu, shule ya bweni. Kazi yake ilikuwa kupiga msasa milango na viti kabla ya vanishi, na vumbi la msasa si kama maranda. Maranda huanguka chini yakafagiliwa. Vumbi hubaki hewani likakungoja uvute pumzi. Waliothubutu kuomba barakoa waliambiwa na mwenye karakana kwamba fundi anayeogopa vumbi akauze maua, na watu wakacheka. Hawakupaswa kucheka. Kicheko kile kilimwondolea tajiri mzigo wa kufunga feni moja ya kuvuta vumbi, na kikawaachia watu kumi na mmoja pua zilizokufa.

Mjomba alikuwa na tiba yake, kichupa cha matone kilichokaa mfuko wa shati kama kalamu. Miaka ya mwanzo tone moja lilifungua pua nusu siku. Baadaye matone manne yaliifungua saa moja tu, kisha ikafunga kwa kisasi. Muuza dawa alimpa kichupa kipya bila kumtazama usoni, kama anayeuza kiberiti, na katika miaka yote hiyo hakumuuliza hata mara moja anakitumia tangu lini. Basi mjomba akazoea. Alipumua kwa mdomo, alikula kwa vituo, akaongea kama mtu mwenye mafua yasiyokwisha. Mchana alisinzia akiwa ameshika msasa mkononi, na jioni soksi zilimwachia alama nene kwenye vifundo vya miguu. Alisema ni kusimama kutwa.

Kuhusu kukoroma alikuwa na msimamo mmoja: hakoromi.

"Sikio hili linasikia fundo ndani ya ubao," alimwambia mkewe. "Mtu akorome kitandani mwangu, nisiamke?"

Mkewe, mkaza mjomba wangu, mtaani huitwa Mama Mapacha. Anapiga pasi katika jengo linalofua mashuka ya hospitali, kazi ya mvuke na mikono, na si mtu wa maneno mengi. Jambo la mkoromo alilisema mara tatu. Mara ya kwanza kwa utani, mara ya pili kwa upole, mara ya tatu kwa hofu, maana sasa alikuwa akisikia kitu kibaya kuliko mkoromo, nacho ni kimya. Mkoromo ungepanda, ukapanda, halafu ukakatika. Mumewe angelala pale kifua kinahangaika na hewa haiingii, mpaka ashtuke kama mtu aliyetolewa majini. Mjomba alikasirika. Akasema pua haijawahi kumuua mtu, na mke anayemtafutia mumewe ugonjwa ana lake jambo. Wiki ile mkaza mjomba akahamishia mto wake kwenye chumba cha mapacha. Alisema anaamka mapema mno kwa ajili ya zamu, hataki kumsumbua.

Hapo ndipo wivu ulipoingia nyumba ile. Uliingia kama mchwa, kwa ndani, huku rangi ya nje inang'aa.

Kwanza ilikuwa Alhamisi. Kila Alhamisi mkewe alichelewa kurudi kwa saa mbili, na kila Alhamisi alivaa blauzi ya buluu yenye vifungo vya lulu, ambayo si nguo ya kuvaa mbele ya pasi ya mvuke. Alipoulizwa alisema kazi zilikuwa nyingi. Alhamisi moja mjomba alipita pale kazini kwake kama anayepita tu, akaambiwa Mama Mapacha ametoka tangu saa tisa.

Pili ilikuwa Manukato. Huyu ndiye mpakaji vanishi wa karakana, kijana mrefu, mseja, anayejipulizia marashi shingoni ili kuishinda harufu ya kazi yake. Siku alipowaletea meza nyumbani alisema neno moja la mzaha mlangoni, na Mama Mapacha akacheka mpaka akashika ukuta. Neno lenyewe mjomba halikumbuki. Anachokumbuka ni ule mkono ukutani. Alijipigia hesabu, akaona yeye hajamchekesha mke wake kiasi kile tangu mapacha waote meno.

Mwanaume mwenye wivu na pua nzima ana msaada: ananusa. Mjomba alichukua kitambaa cha kichwa alichovaa mkewe Alhamisi, akakibana usoni, akavuta mpaka masikio yakaziba. Hakupata kitu. Kingekuwa kimelowekwa kwenye marashi, kingekuwa kimelowekwa kwenye mafuta ya taa, kwake ilikuwa sawa. Akakikunja, akakitia kwenye mfuko wa zana, akaenda nacho kazini kwa mpasuaji, mzee mcheshi ambaye walianza naye karakana ile mwaka mmoja.

"Ninusie hiki," akamwambia.

Mpasuaji akazima msumeno. "Cha nani?"

"Wewe nusa."

Mzee akanusa, akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi. "Sabuni. Pasi ya moto. Na kitunguu kidogo."

"Marashi ya mwanaume je?"

"Fundi Sikio, uzee huu wote, leo umenifanya mbwa wa polisi?" Kisha akamtazama usoni, na utani ukamtoka. "Ndugu yangu, kikulacho ki nguoni mwako, ni kweli. Lakini si lazima kiwe kwenye nguo ya mkeo."

Mjomba alikirudisha kitambaa mfukoni. Harufu ya sabuni haikumtuliza. Mwanamke anayeficha jambo, alijiambia, si ndiye anayefua sana?

Ijumaa moja asubuhi mkewe alikuwa bafuni na simu yake iko mezani. Mjomba anasema alitaka tu kutazama saa. Saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa chake. Aliifungua kwa tarehe ya kuzaliwa mapacha, akakuta sauti zilizorekodiwa, kumi na mbili, hazina jina, tarehe tu. Akabonyeza moja.

Mwanaume alikuwa anakoroma.

Si kijana. Mtu mzima, mzito, amelala chali, karibu kabisa na simu. Mjomba aliusikiliza mkoromo ule kwa sikio lake la kazi: msumeno butu kwenye mvule mbichi. Ulipanda, ukakwaruza, ukafika kwenye fundo, ukakwama. Kimya. Maji bafuni nayo yakanyamaza, na mjomba akaizima simu na kuirudisha palepale, kioo chini, kama alivyoikuta. Moyo wake ulipiga, ukaruka pigo, kisha ukapiga mara tatu kwa pamoja kama mtu anayejikwaa ngazini. Alidhani ni hasira.

Msomaji ameshajua. Mjomba hakujua, na tusiwe wepesi wa kumcheka. Mkoromo ni sauti pekee tunayoitoa maisha yetu yote bila kuhudhuria. Yeye alijua sauti ya kila mti, ya kila msumeno, ya kila bawaba katika nyumba yake, ila hii moja hakuwahi kutambulishwa kwayo. Na alikwisha kuapa kwamba hakoromi. Kwa hiyo mbele yake palikuwa na jibu moja tu: katika usiku kumi na mbili wa tarehe tofauti, yeye akiwa amelala chumbani kwake kama gogo, mwanaume mwingine alilala chini ya dari aliyoigongelea misumari kwa mikono yake.

Akaanza kumtafuta kwa sikio.

Karakanani, baada ya chakula cha mchana, mafundi hulala nusu saa juu ya maranda. Mjomba ndiye aliyekuwa wa kwanza kulala siku zote. Sasa akajizuia, akawa anapita kati yao taratibu, mikono nyuma, kama msimamizi wa mtihani. Mpasuaji alikoroma kama paka. Mpiga randa alitoa mluzi. Manukato, ambaye mjomba alikuwa amemtengea hukumu tayari, hakutoa sauti yoyote. Alilala ubavu, mdomo umefungwa, mzuri kama picha ya ukutani, na uzuri ule ulimchoma mjomba kuliko ambavyo kosa lingemchoma. Akamtikisa bega.

"Lala chali."

"Kuna nini, mzee?"

"Lala tu chali. Nataka kusikia kitu."

Kesho yake Manukato alihamia upande wa pili wa ua, nyuma ya rundo la mbao, na akaomba mpiga randa alale karibu naye. Siku ya tatu ya upelelezi mjomba alishindwa na usingizi akiwa bado ameketi kwenye kigoda cha ulinzi. Alipoamka aliwakuta wenzake wote wamekaa macho wanamtazama.

"Tumekosa kulala kwa ajili yako," mpasuaji akamwambia. "Nyani haoni kundule, na mkoromaji hasikii koo lake."

Karakana ikaangua kicheko. Mjomba akanyanyuka, akachukua msasa. Alijua maneno ya kumdhihaki mtu anayeumia. Mtu akishaibiwa mke, alijiambia, hata mkoromo wa mwizi watambandika yeye.

Alirudi nyumbani na mfuko wa vumbi la msasa, laini kama poda. Mkewe alipoingia chumba cha mapacha kulala, alilinyunyiza sakafuni kwenye ujia mzima, kutoka mlango wa nyuma mpaka mlango wa chumba chake, akaenda kulala. Mapema asubuhi alipiga magoti pale ujiani na tochi. Mlango wa nyuma: safi, hakuna unyayo. Lakini kutoka chumba cha mapacha zilitoka nyayo za miguu mitupu, ndogo, nyayo anazozijua, zikafika mpaka kwenye mlango wake yeye, zikarudi. Zikaja tena, zikarudi. Mara nne.

Mtu mwingine angeuliza. Mjomba alizitafsiri. Anakuja kuhakikisha nimelala, akasema, ndipo ampigie yule. Usiku huu labda aliniona nageukageuka, akaahirisha. Alifagia lile vumbi kabla mkewe hajaamka, na kila alipoinama alilazimika kusimama kutafuta hewa.

Asubuhi ileile alimpigia simu kaka mkubwa wa mkewe. Hakueleza. Alisema tu kwamba Jumamosi atakwenda kwake na huyo dada yake, ana maneno, na kwamba huenda asirudi naye. Miaka kumi na tisa ya ndoa akawa ameipa siku nne. Aliipa nne badala ya moja kwa sababu katikati kulikuwa na Alhamisi, na alitaka kwanza kumwona huyo mwanaume kwa macho.

Alhamisi alidanganya kwamba anaumwa jino. Saa tisa alikuwa ng'ambo ya barabara, amejikunyata kando ya kibanda cha viatu. Mkewe akatoka na blauzi ya buluu, akatembea haraka, akaingia kwenye jengo la kliniki za hospitali ileile anayoipigia pasi mashuka. Akapanda ngazi. Mjomba akafuata.

Ngazi zile ni za orofa tatu. Mke alizipanda kama msichana. Mume alisimama orofa ya kwanza, akashika ukuta. Orofa ya pili aliketi. Kifua kilibana, mdomo wazi, moyo unadunda bila mpangilio, piga, acha, piga-piga, acha. Muuguzi aliyekuwa anashuka alimuuliza kama yuko salama, akajibu kwamba anamsubiri mtu. Alitoa kichupa, akatia matone pande zote mbili, akajikokota orofa ya tatu kwa hasira tupu, maana hewa ilikuwa imekwisha.

Mwisho wa ujia kulikuwa na mlango ulioegeshwa. Akasikia sauti ya mkewe. Akasikia sauti ya mwanaume, changa, tulivu. Halafu akausikia mkoromo.

Akausukuma mlango.

Mkewe alikuwa ameketi upande huu wa meza, simu katikati. Upande wa pili kijana wa koti jeupe, kucha safi, kalamu mkononi. Mkoromo uliendelea kutoka kwenye simu kana kwamba hakuna aliyeingia.

"Ndiye huyu?" mjomba akauliza. Sauti ilitoka nusu.

"Ndiye nani?" akauliza kijana.

"Anayekoroma na mke wangu."

Daktari akaitazama simu, akamtazama mjomba, akamtazama Mama Mapacha. Mama Mapacha alikuwa amegeuka kwenye kiti chake, na mjomba anasema uso ule ataukumbuka kaburini. Haukuwa wa mtu aliyefumaniwa. Ulikuwa wa mtu aliyesikia tusi kutoka mdomo ambao hakuutegemea. Alinyoosha mkono kuizima simu, kisha akauacha mkono hewani. Akaiacha iendelee. Siku ile ya Ijumaa mjomba alikuwa ameikata katikati. Sasa ilikwenda hadi mwisho. Mkoromo ukakwama kwenye fundo. Kimya kikakaa. Daktari alikuwa anahesabu kwa ncha ya kalamu. Halafu ndani ya simu ikaja sauti ya Mama Mapacha, ya chini, ya usingizi:

"Baba Mapacha. Geuka upande. Geuka, baba."

Na yule mwanaume akakurupuka, akavuta hewa kwa kishindo, akajibu kwa sauti nzito iliyobanwa puani: "Punguza. Kuna fundo."

Mjomba akatafuta pa kukaa. Palikuwa na kitanda cha kupimia wagonjwa, akakaa hapo. Mama Mapacha aliichukua simu, akaitia kwenye mkoba, akafunga zipu.

"Daktari," akasema, "mgonjwa wako amefika mwenyewe. Kazi yangu imekwisha."

Akatoka. Walisikia viatu vyake vikishuka orofa zote tatu bila kusimama.

Habari yenyewe ilikuwa fupi, daktari akamweleza huku akimfunga kitambaa cha kupimia presha mkononi. Mama Mapacha alimlalamikia muuguzi anayepokea mashuka, muuguzi akamwambia huja daktari wa masikio, pua na koo kila Alhamisi. Daktari akasema hawezi kumtibu mtu asiyemwona, ila kama mgonjwa anakataa kuja, basi mke arekodi anavyolala, ahesabu kimya kinadumu muda gani, alete. Akaleta, kila Alhamisi, akingoja foleni iishe. Alivaa vizuri kwa sababu hakutaka kuonekana mtu wa kufukuzwa mlangoni. Kila mara alikuja na swali lilelile: nimweleze vipi asikasirike?

Presha ilikuwa juu mno. Wakambandika waya kifuani, mashine ikachora mistari, na hata mjomba asiyejua kusoma mistari ile aliona kwamba hailingani. Ndani ya pua daktari aliona vinyama laini, vimejaa pande zote kama uyoga kwenye gogo bichi.

"Sitakudanganya kwamba pua peke yake ndiyo iliyoufanya moyo wako hivi," akasema. "Uzito upo, chumvi ipo, na haya matone unayotia kila saa huibana mishipa ya damu na yanaweza kupandisha presha. Lakini fikiria. Pua imeziba, umelala mdomo wazi, koo linalegea, hewa inakatika. Damu inapungukiwa hewa, mwili unashtuka, moyo unakimbia. Halafu tena. Kama mke wako amehesabu sawasawa, inatokea mara nyingi kwa saa. Wewe unadhani umelala. Moyo wako unapanda ngazi hizi usiku kucha."

Mjomba anakiri kwamba hata pale, na waya bado ziko kifuani, alichokuwa anakisikia zaidi ni wivu. Kijana huyu aliyajua mapumziko yake kuliko yeye. Alijua anavyohema, anavyogeuka, anavyojibu usingizini. Mkewe alikuwa amemfungulia mtu baki chumba chao cha kulala, akamkabidhi. Kisha akakumbuka kwamba chumba hicho alimfungulia yeye kwanza, mara tatu, na yeye ndiye aliyeufunga mlango.

Mama Mapacha hakurudi nyumbani. Alikwenda kwa kaka yake, na huko ndiko alikoambiwa kuhusu ile simu na miadi ya Jumamosi. Kwa hiyo Jumamosi ilipofika mjomba ilibidi aende kwenye baraza aliloliitisha mwenyewe, akiwa mshitakiwa.

Shemeji alimkaribisha, akamwekea kiti. "Haya, shemeji. Ulisema una maneno."

Aliyasema yote. Kitambaa, simu, vumbi la ujiani. Alipofika kwa Manukato na lile agizo la kulala chali, shemeji alipaliwa na kicheko, akatoka nje kukohoa. Mama Mapacha hakucheka.

"Ungeniuliza," alisema.

"Ungeniambia unakwenda kwa daktari."

"Nilikwambia unaumwa. Mara tatu. Mara ya tatu ukaniambia nina langu jambo. Miezi mitatu naamka kukugeuza. Naja na kuondoka, naja na kuondoka, kesho yake nasimama kwenye pasi saa kumi na mbili asubuhi. Na wewe umepiga magoti unapima nyayo zangu kama za mwizi."

Mjomba aliomba radhi, ikapokelewa kama barua, ikawekwa pembeni kusomwa baadaye. Akarudi nyumbani peke yake.

Alilala na kifaa cha kupima hewa ya damu kidoleni kama alivyoagizwa, na kilichosomeka asubuhi hakikutofautiana sana na hesabu ya mkewe. Akaanzishiwa vidonge vya presha na vya kutuliza mapigo, akanyang'anywa kichupa. Siku kumi za mwanzo bila matone anasema zilikuwa kama kuishi na kichwa cha saruji. Kisha ikapangwa siku ya kuondoa vile vinyama. Daktari hakumwahidi muujiza: pua itafunguka, moyo utapata nafuu ya kazi, lakini usingizi lazima upimwe tena, na huenda bado akahitaji mashine ya kumsukumia hewa. Sharti likawa moja. Siku chache za kwanza asilale nyumbani bila mtu wa kumwangalia.

Mapacha walikuwa shuleni. Mjomba hakumwomba yeyote. Siku ya kutolewa hospitali, pua imejaa pamba, alimkuta mkewe amesimama langoni na mkoba.

"Nimekuja kuuguza," alimwambia. "Mambo ya mke na mume yana siku yake."

Akauguza. Alimpangia mito minne alale nusu ameketi, akamchanganyia maji ya chumvi ya kusafishia pua, akamhesabia vidonge. Alilala chumba cha mapacha. Waliongea habari za shule na za kazi. Huko karakanani, mimi na mpasuaji tulikuwa tumepeleka barua yenye majina kumi na moja, na asubuhi moja watu wote waliweka zana chini wakaketi juu ya mbao mpaka tajiri akaja. Barakoa zimepatikana. Feni bado tunaidai, na tutaidai mpaka ifungwe, kwa sababu pua ya fundi si chujio la karakana ya mtu. Manukato ndiye aliyeandika barua ile, kwa mwandiko mzuri. Mjomba alipoambiwa, alisema tu, "Hata mwandiko anao," akageukia ukuta.

Mwezi wa pili baada ya upasuaji presha ilikuwa imeshuka. Ngazi za orofa tatu mjomba alizipanda kwa kupumzika mara moja. Jioni moja, wakikunja nguo sebuleni, Mama Mapacha alisema kazini wanataka kumpa usimamizi wa chumba cha pasi. Kuna zamu mbili za jioni kila wiki, atarudi saa tatu, na gari la kazini litamleta mpaka mlangoni, yeye na dereva tu, maana wenzake wote wanakaa upande mwingine wa mji. Alisema yote hayo huku akinyoosha shuka, kisha akashika ncha zake mbili, akamngoja ashike nyingine.

"Unasemaje?" akauliza.

Mjomba alizishika zile ncha. Alilisikia lile jambo likianza kutafuna, palepale pa zamani. Moyo uliruka pigo moja, na safari hii alijua si ugonjwa.

"Dereva mwenyewe," akasema polepole, "ni mtu wa namna gani?"

Mkewe alimtazama.

"Nauliza tu," akaongeza haraka. "Nijue wa kumshukuru."

Shuka lilikunjwa mara mbili, mara nne, likawekwa juu ya lingine.

"Ni mwanamke," alisema Mama Mapacha. "Ana wajukuu. Sikukwambia kwanza, nilitaka nione utauliza nini."

Mjomba ananiambia kwamba mpaka leo hajui kama mtihani ule alifaulu au alifeli, na hathubutu kuuliza matokeo. Ninachojua mimi ni kwamba kazi ameichukua. Jumatatu na Jumatano, saa tatu kasoro, mjomba huketi kwenye kizingiti cha mlango wa mbele akisikiliza magari, na gari la kazini akalitambua likiwa bado kona ya pili.